Picha za ukuta wa shimo: jinsi mkazo wa ardhi unavyosomwa chini ya bahari

Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ya Malindi ilijaa na kupwa bila kufuata mwezi, na mtu mmoja akafa maji. Chanzo kilikuwa tetemeko la ardhi la Sumatra, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ambako bamba moja la ardhi huzama chini ya jingine. Mabamba hayo hukwamana, mkazo ukajilimbikiza miaka na miaka, kisha ukaachia kwa mkupuo. Ndiyo maana sisi wa pwani hii tuna haki ya kuuelewa mkazo huo.

Mkazo wenyewe hauonekani, ila alama zake huonekana. Meli huchimba shimo refu kwenye sakafu ya bahari, na karibu na keekee hufungwa chombo kinachozunguka huku kikipitisha umeme kwenye mwamba. Mwamba uliokaza huuzuia umeme. Palipopasuka na kuingia maji ya chumvi, umeme hupita kwa urahisi. Vipimo hivyo hugeuzwa picha ya ukuta wote, ikakunjuliwa kama karatasi iliyobanduliwa kwenye kopo la maziwa. Ufa ulioinama huonekana humo kama wimbi.

Kinachotafutwa hasa ni michirizi miwili myeusi inayotazamana. Shimo likishachimbwa, mzigo uliobebwa na mwamba ulioondolewa huhamia kwenye ukuta, na ukuta ukizidiwa hubomoka pande mbili. Hubomoka upande ambao msukumo wa mlalo ni mdogo. Msukumo mkubwa umeukata upande huo kwa pembe mraba. Kwa hiyo ukibomoka kaskazini mashariki na kusini magharibi, ardhi inabanwa kutoka kaskazini magharibi na kusini mashariki. Hivyo ndivyo ilivyoonekana katika mashimo kadhaa ya Nankai, chini ya bahari ya kusini mwa Japani, yaliyochimbwa na meli Chikyu kuanzia 2007. Lakini shimo la Kumano, bonde la chini ya bahari papo hapo jirani, lilionyesha mwelekeo mwingine kabisa. Mkazo haufanani kila mahali, na hilo lisingejulikana bila picha.

Upana wa mbomoko nao husaidia kukadiria ukubwa wa mkazo, mradi nguvu ya mwamba inajulikana.

Baada ya tetemeko la Tohoku, kaskazini mashariki mwa Japani, la tarehe 11 Machi 2011, Chikyu ilikwenda kuchimba eneo la tetemeko hilo mwaka 2012, penye kina cha maji cha karibu kilomita 7, ikashusha shimo zaidi ya mita 800 chini ya sakafu. Picha zake zilionyesha kwamba karibu mkazo wote uliokuwa umejilimbikiza pale ulikuwa umekwisha kutoka.