Je, wajua? Birika la umeme lina ukinzani mdogo kuliko balbu

Uliza watu kati ya birika la umeme na balbu ya kizamani ya wati 60 kipi kina ukinzani mkubwa (yaani kipi kinauzuia zaidi umeme usipite), wengi watakwambia birika, si ndo linalochemsha maji bwana. Jibu ni kinyume kabisa, tena sio kwa tofauti ndogo.

Hesabu yenyewe fupi. Volti (msukumo wa umeme) gawanya kwa ampea (mkondo, yaani umeme unaopita) unapata omu, ndo kipimo cha ukinzani, volti zidisha kwa ampea unapata wati, basi. (Ya kwanza ni ya Mjerumani Georg Ohm, aliichapisha 1827, na habari ya joto ikafuatiliwa na Joule wa Uingereza miaka ya 1840.) Birika la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7, kwahiyo 230 gawanya kwa 8.7 ni omu 26 na ushee. Balbu inavuta ampea 0.26 tu, gawanya, unapata omu kama 880. Balbu imelizidi birika zaidi ya mara 30!

Watu tumezoea kusikia ukinzani ndo unaleta joto, na sio uongo, shida ni pale mtu anaporuka kutoka hapo mpaka kwenye "ukinzani ukizidi na joto linazidi". Ingekuwa hivyo basi soketi isiyochomekwa kitu ingekuwa ya moto kuliko vyote ndani ya nyumba, maana hewa iliyopo katikati ya matundu yake ina ukinzani mkubwa ajabu. Mbona imepoa?

Chukua tanki la maji lililopandishwa juu, bomba linashuka, chini kuna gurudumu linazungushwa na maji. Urefu wa kutoka chini mpaka lilipo tanki ndo volti, maji yanayopita kila sekunde ndo ampea, na ukinzani ni koki unayoikaza au kuilegeza. Kazi ya gurudumu inategemea maji yametoka juu kiasi gani NA yanakuja mengi kiasi gani, vyote viwili kwa pamoja, ndo maana wati ni kuzidisha. Sasa kaza koki: tanki liko palepale juu, urefu haujabadilika, ila maji yamepungua, gurudumu linazubaa. Kaza mpaka mwisho linasimama. Soketi ya ukutani ni hilo tanki, volti zake zinabaki karibu zilezile ukichomeka chochote, kwahiyo anayetaka wati nyingi analegeza koki, yaani anapunguza omu.

Hapo mjanja mmoja atakuja na fomula nyingine: wati ni ampea mara ampea mara omu, omu zikipanda wati nazo zinapanda, unasemaje? Fomula iko sawa kabisa, ila wewe umepandisha omu huku ampea umeziacha vilevile, na kwenye soketi hakuna anayezishika ampea, zinashuka zenyewe. Zinalingana pale tu vifaa vimefungwa mfululizo, mkondo mmoja unapita vyote. Funga balbu ya wati 60 na ya wati 100 mfululizo na utaona kioja, ya 60 ndo inawaka zaidi! Ina omu nyingi, na safari hii mkondo ni mmoja.

Ila usiende na maltimita (kile kifaa cha kupimia umeme) kupima balbu halafu ukanirudia kwamba nimedanganya. Ile ya 60 ikiwa imepoa inasoma omu 60 au 70 hivi, sio 880, kwasababu waya wake wa tungsteni unapanda ukinzani unavyopata moto, na ukiwaka unapita nyuzi 2000. Ndo maana nyingi zinaungulia palepale unapobonyeza swichi, kwa kitambo kidogo sana zinavuta mamia ya wati. Na hesabu hizi ni za vitu vya joto kama birika, pasi na heta. Mota, friji na chaja haziendi hivi, kule volti mara ampea haikupi wati halisi moja kwa moja.

Tukirudi kwa birika, kuna sehemu moja ambayo imani ya watu inageuka kuwa kweli, nayo ni plagi iliyolegea. Kiungo kilicholegea kimefungwa mfululizo na birika, kikiwa na omu 1 tu, ampea zinabaki 8.4 hivi, piga hesabu, ni wati 70 kwenye kipande kidogo kama kucha. Plastiki lazima iyeyuke. Omu za kiungo zikipanda joto lake nalo linapanda, mpaka zikifika 26, sawasawa na za birika lenyewe: mkondo umeshuka nusu, kiungo kinapata wati 500 na birika 500. (Hii ni kwenye karatasi, plagi halisi itakuwa imeshaungua zamani.) Kuanzia hapo omu zikiendelea kupanda joto la kiungo linaanza kushuka, linashuka tu mpaka sifuri, na hapo ni sawa na umeichomoa plagi.