Mikrobiolojia mwaka wa kwanza: yanayosemwa bwenini na yanayoonekana maabara

Dhana: ni somo la kukariri majina tu.

Majina yapo, na usipojua kuandika Staphylococcus aureus utakatwa maksi. Ila nionavyo mimi, wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) hawaangushwi na majina. Wanaangushwa na "kwa nini".

Chukua upakaji rangi wa Gram, njia ya kugawa bakteria makundi mawili, chanya na hasi, kwa rangi wanayobaki nayo. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliuchapisha mwaka 1884 akiwa Berlin, na mpaka leo uko kwenye vitendo vya wiki za mwanzo. Mwanafunzi anakariri: kristali vayoleti, ayodini, alkoholi, safranini, zambarau chanya, waridi hasi. Siku ya vitendo anachungulia hadubini, Staphylococcus wake, ambao ni chanya, wametoka waridi, anaanza kulalamika kwamba kapewa bakteria siyo.

Mara nyingi tatizo ni alkoholi. Bakteria chanya wana ukuta mnene wa peptidoglaikani (wavu wa sukari na vipande vya protini) unaong'ang'ania ile rangi iliyoungana na ayodini. Wale hasi, ukuta wao ni mwembamba, rangi inawatoka ndani ya sekunde chache. Ukiacha alkoholi ikapitiliza, hata chanya watapauka, kisha safranini iwapake waridi. Bakteria waliooteshwa siku nyingi nao hutoka waridi, maana kuta zao zimeshadhoofika. Hapo hata fundi stadi haponi. Aliyeelewa ukuta hana haja ya kuimba hatua nne usiku kucha, na hatashangaa akiambiwa kimelea cha kifua kikuu, chenye ukuta uliojaa nta, hupakwa rangi kwa njia nyingine, ya Ziehl-Neelsen.

Dhana: alkoholi tupu inaua kuliko iliyochanganywa na maji.

Asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko ile inayokaribia 100. Maji yanahitajika ili protini za bakteria ziharibike, na pia yanachelewesha alkoholi kuruka hewani. Ila mbegu sugu (spora) za bakteria aina ya Bacillus haziogopi kiwango chochote kati ya hivyo. Hizo dawa yake ni otoklevu, mvuke wenye mgandamizo wa nyuzi 121 za Selsiasi, kwa kawaida dakika 15.

Dhana: agari yetu inatoka kwenye mwani wa Zanzibar.

Agari ndiyo ile jeli tunayooteshea bakteria kwenye sahani. Hii huisikia zaidi kwa wanafunzi wa pwani, na naielewa fahari yao. Lakini mwani unaolimwa kwa wingi na kina mama wa Paje na Jambiani hutoa karajini, ile inayotumika kuzitia uzito bidhaa za maziwa. Agari hutoka kwenye aina nyingine za mwani mwekundu, hasa Gelidium na Gracilaria. Aliyependekeza itumike kuotesha bakteria ni Fanny Hesse, mwaka 1881, kwa kuwa aliizoea jikoni. Mumewe, Walther, alikuwa akifanya kazi kwa Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani. Jelatini waliyokuwa wakitumia iliyeyuka kwenye joto, na baadhi ya bakteria waliila. Agari hubaki imara kwenye nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu.

Dhana: kila doa kwenye sahani ya petri ni bakteria mmoja.

Bakteria mmoja humwoni kwa macho. Doa hilo ni koloni, mamilioni waliozaliwa na mmoja au na kikundi kidogo kilichotua pamoja. Ndiyo maana kwenye kuhesabu huchaguliwa sahani zenye koloni kati ya 30 na 300: zikipungua hapo bahati inatawala hesabu, zikizidi zinaparamiana.

Dhana: ukivaa glavu uko salama.

Glavu iliyogusa sahani ikagusa na simu imeshahamisha bakteria kwenye simu, na simu hiyo inakwenda nawe kantini. Ivue kwa kuigeuza ndani nje, nawa mikono kwa sabuni, ndipo ujibu meseji.