Kabla ya kufunga turbo kwenye injini ya silinda nne isiyo na turbo

Wenye magari ya injini za silinda nne huniuliza kwanza wafunge turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kishindilie hewa ndani ya silinda) ya ukubwa gani, nami huliweka swali hilo karibu na mwisho wa mazungumzo. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya kushindilia hewa kwa nguvu ya moshi wa injini yenyewe mwaka 1905, na tangu hapo kifaa hiki kimeboreshwa sana, hivi kwamba kupata turbo inayofaa injini ya lita 1.6 au 1.8 si kazi ngumu. Kinachoamua kama injini itadumu ni namna joto linavyodhibitiwa ndani ya silinda ambazo mtengenezaji wake hakuzikusudia kupokea hewa iliyoshindiliwa.

Injini ya kawaida huvuta hewa kwa kushuka kwa pistoni tu, hivyo hutegemea presha ya anga, ambayo kwenye usawa wa bahari ni bari 1 na ushei (bari ni kipimo cha presha). Turbo ikiongeza bari 0.5, mtu hudhani kwamba hewa imeongezeka kwa nusu, na kwamba nguvu nayo itaongezeka kwa nusu. Hesabu haiendi hivyo, kwa sababu hewa inaposhindiliwa hupata joto na hewa ya moto ni nyepesi. Kwa kompresa (upande wa turbo unaoshindilia hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi joto 27 hutoka ikiwa na nyuzi 80 hivi, na ukipiga hesabu ya uzito wake utakuta kwamba ongezeko la kweli ni kama asilimia 27. Joto hilohilo huusogeza mchanganyiko wa hewa na petroli karibu na kiwango cha kujiwakia wenyewe. Kwa hiyo sifungi turbo bila intakula, yaani kipozeo cha hewa iliyoshindiliwa, hata pale mteja anaponihakikishia kwamba presha anayoitaka ni ndogo.

Hatari kubwa hutoka kwenye uwiano wa mgandamizo, yaani pistoni huibana hewa ya silinda mara ngapi. Injini nyingi za petroli zisizo na turbo huwa na uwiano wa 10 kwa 1 au zaidi, ilhali injini nyingi za turbo za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa uwiano wa 8 hadi 9 kwa 1, kwa makusudi kabisa. Ukishindilia hewa kabla haijaingia, kisha pistoni ikaibana tena mara kumi, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi inaweza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kwa presha ya ghafla, na huweza kutokea mara nyingi ndani ya sekunde chache bila dereva kusikia chochote, hasa ekzosi ikiwa na kelele.

Plagi ndiyo hutoa ushahidi wa kwanza. Ukiichomoa na kuitazama kauri yake kwa kioo cha kukuzia, utaona vidoa vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha, na hayo ni madini ya alumini yaliyobanduka kwenye pistoni. Mwenye gari akiendelea hivyo, kinachofuata kwa kawaida ni kuvunjika kwa ukuta mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi (pete za kuziba zinazoizunguka pistoni) ya kwanza na ya pili. Ukuta huo huvunjika pia kwa sababu nyingine inayosahaulika mno: ringi hupanuka kwa joto, na nafasi iliyoachwa kati ya ncha zake kwa ajili ya injini ya kawaida huwa finyu kwa injini ya turbo, hivyo ncha zikikutana ringi hukwama na kung'oa kipande cha pistoni.

Kwa injini ambayo haitafunguliwa, mimi husimama kwenye bari 0.4, au 0.5 ikiwa petroli ni ya oktani ya juu (isiyojiwakia upesi) na vipimo vya mgandamizo wa silinda zote nne vinakaribiana. Anayetaka zaidi ya hapo abadilishe pistoni na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) ziwe za metali ya kufuliwa, na uwiano wa mgandamizo ushushwe kwa pistoni hizo. Wapo wanaoushusha kwa kuweka gasketi nene ya silinda hedi. Njia hiyo siipendi, kwani huharibu ule mbano wa ukingoni, kati ya pistoni na silinda hedi, unaoivuruga hewa na kuusaidia moto kuenea haraka, na matokeo yake huweza kuwa injini inayolipuka ovyo kwa urahisi zaidi kuliko awali.

Upande wa mafuta hauna mjadala mrefu. Injini ya nguvu farasi 110 inayotosheka na nozeli (vinyunyizio vya petroli) za kupitisha sentimita za ujazo 200 kwa dakika itahitaji karibu 300 ikifika nguvu farasi 145, kwa sababu chini ya presha mchanganyiko hauachwi kwenye sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, bali huletwa kwenye 11.5 hadi 12 ili petroli ya ziada ipoze silinda. Sensa ya presha nayo lazima ibadilishwe, kwani ile ya kiwandani kwa kawaida husoma hadi presha ya anga tu, na kompyuta haiwezi kuongeza petroli wala kuchelewesha cheche kwa presha isiyoiona. Kuchelewesha cheche kwa digrii moja hadi moja na nusu kwa kila bari 0.1 ni mahali pa kuanzia tu. Mpangilio wa mwisho hupatikana kwenye mashine ya kupimia nguvu, kwa mtu anayesoma takwimu huku akisikiliza injini kwa kipaza sauti.

Oili ya turbo huingia kwa presha lakini hurudi kwa uzito wake tu, kwa hiyo bomba la kurudishia liwe pana, lishuke moja kwa moja bila kupinda juu, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba, oili hujaa kwenye beringi na kupenya sili, na mwenye gari huona moshi wa buluu akadhani ameuziwa turbo mbovu.

Baada ya safari chache za mwanzo, nati za manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) zikazwe upya injini ikiwa imepoa. Uvujaji mdogo mahali hapo huichelewesha turbo kujaza presha na huingiza hewa ya nje mbele ya sensa ya oksijeni, na sensa ikidanganywa hivyo, vipimo vya mchanganyiko haviaminiki tena.