Ishara za Masihi: maana ya kufasiri ndoto na maono ya Biblia

Kufasiri ishara ni kueleza kitu kilichoonekana katika ndoto au maono kinasimama badala ya nini. Ng'ombe anaweza kuwa mwaka, pembe ikawa mfalme, jiwe likawa ufalme. Sehemu kubwa ya tumaini la kuja kwa Masihi katika Biblia imeandikwa kwa lugha hiyo, na msomaji asiyeizoea huangukia upande mmoja kati ya miwili: ama anayaruka maneno hayo kwa kuyaona magumu, ama anamwamini yeyote anayedai kuyafungua.

Hapa Mombasa jambo hili liko midomoni mwa watu kila siku. Mhubiri aliyesimama na kipaza sauti Mwembe Tayari huitaja sanamu aliyoiota Nebukadneza mfalme wa Babeli, na kwenye mikutano ya injili utaiona imechorwa kwenye kitambaa, kichwa cha dhahabu na miguu ya chuma. Wala si Wakristo peke yao. Mtoto wa madrasa wa Mji wa Kale anaijua ndoto ya nyota 11 sawasawa na mtoto wa Sunday school wa Kisauni, maana Surat Yusuf inaanza na ndoto hiyo katika aya ya 4 na haitulii mpaka aya ya 100, pale Yusuf anapomwambia baba yake kwamba hii ndiyo tafsiri ya ndoto yake ya zamani.

Ikumbukwe kwamba si kila ndoto ya Biblia ina fumbo. Yusufu mume wa Mariamu anaota mara nne katika sura mbili za mwanzo za Mathayo, na kila mara anaambiwa wazi: mchukue Mariamu, kimbilia Misri, rudi, nenda Galilaya. Hapo hakuna la kufasiri. Kazi ya mfasiri inaanza pale mtu anapoonyeshwa kitu badala ya kuambiwa neno.

Mfano mzuri ni wa yule Yusufu wa kale, mwana wa Yakobo. Alipowaambia nduguze kwamba jua, mwezi na nyota 11 zinamwinamia, hakuna aliyekwenda kutafuta mwaguzi. Baba yake alimkemea papo hapo: yaani mimi, mama yako na ndugu zako tuje tukusujudie? Yakobo alifasiri kwa hasira, na alifasiri sawa. Ufunguo ulikuwa nyumbani mwao. Baadaye gerezani Misri, mnyweshaji wa Farao aliona matawi matatu ya mzabibu, na mwokaji akaona vikapu vitatu, na kila kimoja kilikuwa siku moja. Farao naye akaona ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na kila mmoja alikuwa mwaka mzima. Hapo pana jambo ambalo wafasiri wengi hulipita mbio: hakuna kamusi moja ya ishara. Tawi ni siku, ng'ombe ni mwaka, na ndani ya kitabu kilekile. Maana inatoka katika habari yenyewe, na mara nyingi Biblia inaitoa mlemle ndani, mistari michache baadaye.

Wakati mwingine ufunguo wa kitabu kimoja hukaa katika kitabu kingine. Ufunuo sura ya 12 unaonyesha mwanamke aliyevikwa jua, mwezi uko chini ya miguu yake, na kichwani ana taji ya nyota 12. Anamzaa mtoto atakayewachunga mataifa kwa fimbo ya chuma. Anayeikumbuka ndoto ya Yusufu ataona jamaa ya Yakobo, zile nyota 11 pamoja na Yusufu mwenyewe, na atakayekumbuka Zaburi ya 2 ataijua hiyo fimbo. Wakatoliki wengi humwona Mariamu katika mwanamke huyo, wengine huona Israeli au Kanisa, ila juu ya mtoto karibu wote wanakubaliana: ni Masihi.

Masihi maana yake ni aliyepakwa mafuta. Samweli alimimina pembe ya mafuta kichwani mwa Daudi mbele ya nduguze, na mfalme wa Israeli aliitwa mpakwa mafuta wa Bwana. Hata Koreshi mfalme wa Uajemi anaitwa hivyo katika Isaya 45, naye hakuwa Myahudi. Mwaka 586 KK Wababeli walipoiteketeza Yerusalemu, kiti cha Daudi kikabaki bila mtu, lakini ahadi aliyopewa kwamba nyumba yake itadumu ilikuwa ingali inasomwa. Ndipo jina la cheo likaanza kuwa jina la anayengojewa. Kwa hiyo ishara za Masihi ni ishara za utawala, na walioziweka moyoni zaidi ni watu waliotawaliwa na wengine.

Hilo likieleweka, kitabu cha Danieli, Myahudi aliyechukuliwa mateka Babeli, kinasomeka vizuri zaidi. Nebukadneza anaota sanamu kubwa inayong'aa: kichwa cha dhahabu, kifua na mikono ya fedha, tumbo na mapaja ya shaba, miguu ya chuma, na nyayo nusu chuma nusu udongo. Kisha jiwe linachongwa mlimani bila mikono ya mtu. Tazama linapopiga. Haligusi kichwa, linapiga nyayo, na vyote vinasagika kwa pamoja, dhahabu pamoja na udongo, vikawa kama makapi ya kiwanja cha kupuria yanayopeperushwa na upepo. Jiwe lenyewe linakua mlima na kuijaza dunia. Danieli anamwambia mfalme kwamba yeye ndiye kichwa cha dhahabu, kwamba falme nyingine zitafuata, na kwamba mwishoni Mungu ataweka ufalme usioangamizwa milele.

Sura ya 7 inarudia habari hiyohiyo kwa sura nyingine. Safari hii anayeota ni Danieli mwenyewe, na falme nne hazionekani kama madini ya thamani. Ni wanyama wanaotoka baharini: simba mwenye mabawa ya tai, dubu mwenye mbavu tatu kinywani, chui mwenye vichwa vinne, na wa nne asiye na jina, mwenye meno ya chuma na pembe kumi. Halafu juu ya mawingu anakuja mmoja aliye mfano wa mwanadamu, naye anapewa mamlaka. Ukiziweka sura hizi mbili pamoja, utaona kitu ambacho kwangu mimi ndicho moyo wa jambo lote. Mfalme akiota utawala, anaona dhahabu. Aliyetekwa akiota utawala uleule, anaona meno. Na utawala wa Mungu unapokuja, ndio pekee wenye uso wa binadamu. Ishara hapa inasema ufalme huo ni wa namna gani. Juu ya siku ya kuja kwake, sanamu na mawingu havisemi.

Wamvita wana kila sababu ya kuelewa uandishi wa namna hii. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake mjini hapa siku za utawala wa Wamazrui, wakati Seyyid Said wa Oman alipokuwa akiutaka mji, na mara nyingi alilifumba neno ili mwenye kujua ajue. Aliyeishi mjini alielewa nani anasemwa. Anayeyasoma leo bila kujua mambo ya mji wa wakati ule hupata vina na mizani, maana ikampita. Danieli naye alikuwa na wasikilizaji wa kwanza, watu waliokuwa chini ya wafalme wa kigeni, na mfasiri anayewaruka hao na kukimbilia habari za jana za televisheni amekwisha potea njia.

Falme nne ni zipi, basi? Ya kwanza imetajwa, Babeli. Sura ya 8 inataja kondoo dume mwenye pembe mbili kuwa Umedi na Uajemi, na beberu kuwa Uyunani. Ya nne haitajwi popote. Wakristo wengi tangu zamani wamesema ni Rumi, na kwamba jiwe ni Kristo aliyezaliwa chini ya Rumi. Wataalamu wengi wa leo huzigawa Umedi na Uajemi kuwa falme mbili, kisha wanaishia Uyunani, katika siku za mfalme wa Kiyunani, Antioko wa Nne, aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika akiwa Rumi chini ya hifadhi ya makaisari, aliisimulia ndoto hii, na alipofika kwenye jiwe akasema haoni vema kulieleza. Alijua fika jiwe hilo lingemwangukia nani.

Ishara nyingine ya Masihi ambayo haipati nafasi inayostahili kwenye mikutano ni chipukizi. Isaya 11 unasema chipukizi litatoka katika shina la Yese, baba yake Daudi. Watu husoma kuanzia hapo, na hapo ndipo wanapopoteza utamu wake, kwa sababu mistari miwili iliyotangulia, mwishoni mwa sura ya 10, inamwonyesha Mungu akiikata miti mirefu ya Lebanoni kwa shoka. Msitu wote uko chini. Hata ukoo wa Daudi hautajwi kwa jina la mfalme, unatajwa kwa jina la Yese, mzee wa kijijini Bethlehemu. Anayekaa Pwani atalielewa shina hilo bila kuelezwa. Mnazi ukikatwa kichwa umekwisha, lakini mwarobaini uliokatwa ukabaki kisiki ugani hutoa vichipukizi mvua zikinyesha, na mwenye uwanja huudhika. Isaya anasema mfalme ajaye atatokea kwa namna ya pili. Yeremia na Zakaria wakaichukua picha hiyo, hata Zakaria akaitumia kama jina la mtu.

Zakaria ndiye pia aliyemwona mfalme akija Yerusalemu amepanda punda. Huko Lamu hadi leo punda hubeba mchanga na mawe, na mtu mkubwa akipanda punda hakuna anayeogopa. Mstari unaofuata unasema magari ya vita na farasi wataondolewa.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Katika Hesabu 14 na Ezekieli 4 siku moja inahesabiwa mwaka mmoja, na wapo waliolifanya hilo kuwa kanuni ya unabii wote. William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, alizichukua jioni na asubuhi 2,300 za Danieli 8:14, akazifanya miaka, akaanza kuhesabu mwaka 457 KK. Wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya kurudi kwa Kristo. Siku ikapita, wakalia. Baadhi ya waliobaki wakalisoma andiko upya, wakasema jambo lilitokea mbinguni, na kwao likatoka Kanisa la Waadventista wa Sabato. Wabahai nao huufikia mwaka uleule wa 1844 kwa hesabu ileile, ila wao wanaielekeza Shiraz, Uajemi, alikojitangaza Báb, mtangulizi wa dini yao. Mstari wenyewe unazungumzia kutakaswa kwa patakatifu, na kuja kwa Masihi hakutajwi ndani yake. Naye Yesu, katika Mathayo 24:36, anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye.

Siandiki haya kwa ajili ya ubishi. Mwaka 2023, si mbali na hapa, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ya watu wanaosemekana kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hakuna ndoto wala ono lolote la Biblia juu ya Masihi linalomwambia mtu amnyime mtoto wake chakula. Ndoto ya Farao ilipofasiriwa sawasawa, kilichofuata kilikuwa maghala ya nafaka na watu kulishwa.

Pamoja na hayo, wasomaji wenye nia njema bado watatofautiana. Ile nyota itakayotokea katika Yakobo, Hesabu 24:17, Rabi Akiva aliiona kwa Simoni, kiongozi wa vita dhidi ya Rumi, na watu wakamwita Bar Kokhba, mwana wa nyota. Rumi ikamshinda mwaka 135 BK. Wakristo wengi huiona kwa mtoto wa Bethlehemu. Waislamu, majirani zetu, wanakiri kwamba Isa ndiye Masihi na kwamba atarudi kabla ya Kiyama, lakini wanakataa kwamba ni Mwana wa Mungu. Wayahudi bado wanangoja.

Katika Isaya 53 tofauti hiyo iko wazi kuliko popote. Mtumishi anadharauliwa, anapigwa, anapelekwa kama mwana-kondoo machinjoni. Mwafrika mmoja, towashi wa Kandake malkia wa Wakushi, alikuwa akiyasoma maneno hayo garini njiani kurudi kwao, akamuuliza Filipo: nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine? Filipo akaanzia andiko lilelile, akamhubiri Yesu. Rashi, mfasiri mkubwa wa Wayahudi aliyefariki mwaka 1105 huko Ufaransa, alijibu swali hilohilo kwa kusema mtumishi ni taifa la Israeli, linaloteseka katikati ya mataifa.