Mpira wa karatasi haushikwi na gundi

Nimetundika mpira wa karatasi barazani kwetu Chake Chake, na kila mgeni anayepita huuliza: "Gundi gani hiyo umetumia?" Hakuna gundi. Ni vipande 30 vya aina inayoitwa sonobe, kwa jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe. Kila kipande hukunjwa kutoka karatasi moja ya mraba, na kikimalizika huwa na ncha mbili na mifuko miwili. Ncha ya hiki huingia mfukoni mwa kile, msuguano ukaishika. Mwenye kusuka ukili haoni ajabu hapa, kwani miyaa nayo hushikana kwa kupitana juu na chini tu.

Watoto wanaojifunza kwangu nawakataza gundi tangu siku ya kwanza, kwa sababu inaficha kosa. Mpira ukigoma kufunga, mara nyingi kuna kipande kimoja kilichokunjwa kinyume na wenzake, kama sura iliyo kiooni. Hicho ncha yake haikai mfukoni hata ukilazimisha. Mwenye gundi atakibandika hivyo hivyo, na mpira utakwenda upande.

Dhana nyingine, na hii ndiyo inayoharibu karatasi nyingi, ni kwamba ukitaka mpira mkubwa unaongeza vipande tu mpaka utosheke. Haiwi hivyo. Vipande vitatu vikishikana hutoa kijipiramidi kimoja. Lililobaki ni kuamua vijipiramidi vingapi vikutane kwenye nukta moja. Vikikutana vitatu kila mahali, unapata mchemraba wa vipande 6. Vikikutana vinne, unapata umbo la nyota la vipande 12. Vikikutana vitano, ndio mpira wangu wa 30: vijipiramidi 20, kila kimoja kina vipande vitatu, na kila kipande kinatumika na vijipiramidi viwili, basi 20 mara 3 gawanya kwa 2. Ukikutanisha sita kila mahali, kazi inalala bapa kama mkeka na haifungi kamwe.

Mpira mkubwa zaidi upo, wa vipande 90, lakini humo unachanganya nukta za sita na za tano, na za tano lazima ziwe 12. Tazameni mpira wa miguu wa zamani, ule wa mabaka meusi na meupe. Mabaka meusi ya pembe tano ni 12, meupe ya pembe sita ni 20. Sheria ni ile ile. Natamani walimu wa hesabu katika skuli zetu wawape watoto umbo hili mkononi kabla ya kulichora ubaoni.

Wengine husema lazima karatasi maalumu ya Japani. Karatasi ya A4 ya kawaida inatosha: kata miraba ya sentimita 7, kila karatasi inatoa 12, hivyo karatasi tatu zinatosha mpira mmoja na zinabaki sita za kufanyia makosa. Ukipata rangi tatu, kunja 10 za kila rangi. Zinapangika hivi kwamba kila kijipiramidi kinakuwa na rangi zote tatu.

Na wapo wanaouita mpira huu kusudama, yaani mpira wa kutundika wa Kijapani, lakini si kweli kwamba hilo ni jina jengine la kitu hiki tangu kale. Neno hilo la Kijapani lina dawa na mpira ndani yake, kwani mipira hiyo ya mwanzo ilibeba majani na vitu vya kunukia, na ya karatasi kwa desturi hushonwa kwa uzi au kubandikwa. Kuunganisha kwa ncha na mfuko kulishamiri zaidi katika karne ya 20.

Adui wa kweli wa mpira huu kisiwani ni unyevu. Wakati wa masika karatasi hunywa maji ya hewani, mikunjo ikalegea na ncha zikaanza kutoka. Kaza kila mkunjo kwa mgongo wa kijiko, vilaze vipande usiku kucha chini ya kitu kizito, na uunganishe mchana kukiwa na jua.