Kingatiba siyo chanjo, jamani

Juzi nilikuwa Kayenze, pale mwaloni kando ya Ziwa Victoria, naongea na mama mmoja anasugua masufuria kwa mchanga huku mwanae wa kama darasa la tatu kasimama majini hadi mapajani anasuuza sahani. Nikamuuliza kama dogo alimeza dawa shuleni mwaka huu, akanijibu bila wasiwasi kabisa, "Huyu alishachanjwa kichocho mwaka jana kaka, mwaka huu nikambakiza nyumbani, zile dawa zinamchosha."

Alishachanjwa. Neno hilo nalisikia kila nikishuka ziwani, Magu nimelisikia, Ukerewe nimelisikia, na hata gari la matangazo limewahi kupita mtaani kwetu linaita watu kwenye "chanjo ya kichocho". Chanjo ya kichocho, ule ugonjwa wa minyoo unaoupata kwa kuingia majini, haipo. Watafiti wanaihangaikia miaka mingi lakini mpaka sasa hakuna iliyoidhinishwa popote. Wanachopewa watoto shuleni kinaitwa kingatiba.

Kwa kifupi, kingatiba ni dawa ya kutibu inayogawiwa kwa watu wengi kwa mpigo kwenye eneo ambalo ugonjwa umejaa, bila kumpima kila mmoja, ili walio nao watibiwe kabla haujawala ndani. Ya kichocho ni prazikwanteli, vile vidonge vikubwa vichungu, mtoto anasimamishwa kwenye fimbo yenye mistari na pale kichwa kinapofika ndo idadi ya vidonge vyake. Hiyo ndo maana yake.

Shida iko kwenye maneno. Chanjo imetoka kwenye kuchanja, ile ile ya kuchanja kuni na ya mganga kuchanja chale, na ilihamia hospitali kwa sababu ya ndui, maana chanjo ya ndui ilikuwa inawekwa kwa kukwaruza au kuchomachoma ngozi ya mkono, wazee wengi wana kovu mpaka leo. Siku hizi hata ya matone mdomoni tunaita chanjo na sina ugomvi, kwa sababu kazi ni ile ile, mwili unafundishwa kuutambua ugonjwa kabla haujafika. Prazikwanteli haiufundishi mwili chochote kile. Inaua minyoo iliyokomaa iliyopo kwenye mishipa ya damu siku hiyo, basi, tena ile michanga iliyoingia wiki chache nyuma inaweza kupona na kuendelea kukua.

Halafu kuna kinga. Kukinga ni kuweka kitu njiani, unakinga jua kwa kiganja, unakinga maji ya bati kwa ndoo (kinga ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha moto, neno lingine kabisa). Sasa mtu akisikia kinga imetangulia mbele anaona mwavuli, anaisahau tiba iliyofuata nyuma, wakati tiba, ya ukoo mmoja na tabibu na matibabu, ndiyo inayofanya kazi yote hapo. Kinachokingwa ni madhara, yaani ini lisiharibike, tumbo lisivimbe, mtu asije akatapika damu ukubwani. Na ziwa nalo linakingwa kidogo, maana aliyetibiwa anapunguza mayai anayotoa kwenye choo kikubwa, na yakipungua mayai yanayofika majini konokono wa majini nao wanapata machache ya kuzalisha vile vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu na kuja kuwa minyoo. Lakini ngozi ya mtoto haijawekewa kizuizi chochote, anaweza kumeza Jumatatu na Jumanne akaingia majini vijidudu vikapenya ndani ya dakika chache, na hatasikia kitu. Ndo maana dawa inarudi tena na tena, siyo kwamba ya mwaka jana ilikuwa feki kama wengine wanavyosema.

Na kuna wale wa "mimi sina kichocho, sikojoi damu". Kinachotawala huku ziwani ni kichocho cha tumbo, mkojo unaweza kuwa safi kabisa na minyoo ipo, kama damu itaonekana itaonekana kwenye choo kikubwa, na wengi hawaoni hata hiyo.

Kuhusu kuchosha yule mama hakudanganya. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuuma vinatokea, mara nyingi vinapita siku hiyo hiyo, na vinawasumbua zaidi watoto waliokwenda na njaa, kwa hiyo siku ya dawa mtoto ale ashibe kwanza, na uji wa maji maji peke yake hautoshi.

Nilimwambia, mama, mwaka jana huyu alitibiwa, hakuchanjwa, na tangu hapo yuko majini kila siku kama tunavyomwona, kwa hiyo mpeleke zahanati muulizie kipimo cha choo, usisubiri zamu ya shule. Akaniuliza sasa nisemeje, maana kila mtu anasema kachanjwa. Sema kameza. Kameza kingatiba ya mwaka jana, ya mwaka huu bado.