Je, wajua? Mrushaji wa besiboli aliwezaje kuwa kocha wa futiboli bila kuiacha besiboli?

Charley Moran, Mmarekani, aliichezea St. Louis Cardinals mechi chache mwaka 1903 akiwa mrushaji. Anayekutana na jina lake baadaye kati ya makocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, hudhani mchezo wa kwanza ulimshinda akahamia wa pili. Si kweli. Mwaka 1908 alirudi Cardinals, safari hii akiwa mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji. Mwaka 1909 hadi 1914 akafundisha futiboli katika chuo cha Texas A&M. Kisha, tangu 1918 hadi 1939, alikuwa mwamuzi wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, na katikati ya miaka hiyohiyo ndipo alipopata ushindi wake mkubwa wa futiboli. Wala futiboli haikuwa ngeni kwake. Aliicheza kabla ya kuifundisha. Moran hakuhama popote.

Kilichomwezesha ni kalenda. Ligi kuu ya besiboli ilianza Aprili na kwisha mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kwa kawaida mechi 154 kwa kila timu. Vyuo vilicheza futiboli kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwisho wa Novemba, aghalabu Jumamosi tu. Ni kama mkulima mwenye shamba moja: masika hupanda mahindi, vuli hupanda kunde, na hakuna anayesema ameacha mahindi. Taabu huja pale mahindi yanapochelewa kukauka na vuli imeshabisha hodi. Kwa Moran taabu hiyo ilikuwa Septemba, mwezi ambao timu ya futiboli hutafuta pumzi, hujifunza kukaba na kukariri mipango ya mashambulizi.

Katika chuo kidogo cha Centre, mjini Danville, Kentucky, pengo hilo lilizibika vizuri. Kocha wake, Robert Myers, alimkabidhi Moran ukocha mwaka 1919, yeye akabaki msimamizi wa michezo. Tena baadhi ya wachezaji, akiwemo Bo McMillin, Myers alikuwa amewafundisha tangu sekondari huko Fort Worth, Texas, basi Septemba timu haikukosa mtu aliyeijua. Tarehe 29 Oktoba 1921, besiboli ikiwa imekwisha, Centre iliikabili Harvard, ambayo haikufungwa hata mara moja mwaka 1919 wala 1920. Robo ya tatu McMillin alikimbia na mpira yadi 32 hadi mwisho wa uwanja: pointi 6. Teke la nyongeza lilikosa. Matokeo yakabaki 6–0, na hadi leo sioni chuo kidogo kilichofanya jambo kubwa kuliko hilo.

Mwaka 1927 kalenda ilibana zaidi. Moran alichukua timu ya kulipwa ya Frankford Yellow Jackets, bingwa wa 1926 wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, na ligi hiyo ilianza Septemba. Kuanzia tarehe 5 hadi 8 Oktoba yeye alikuwa Pittsburgh na New York, mmoja wa waamuzi wa fainali za besiboli. Frankford ilimaliza msimu na ushindi 6, vipigo 9 na sare 3. Hata hivyo, lawama zote zisiwekewe ratiba: Guy Chamberlin, aliyeipa ubingwa akiwa kocha na mchezaji, alikuwa ameshaondoka.